Pampu ya Bwawa la Ubatizo

Jumatatu, 4 Agosti 1997
Nimepata bwawa la kuogelea! Lilikuwa la Mzungu mmoja wa kiwanda cha samaki. Amerudi kwao, kamwachia mlinzi wake. Halichimbiwi. Linasimama juu ya ardhi kama sufuria kubwa: ukuta wa bati, ndani turubai la buluu. Mlinzi alitaka redio. Nimempa redio. Ni ya mke wangu Dorotea, lakini Dorotea hayupo kuisikiliza. Tangu Pasaka yuko Mirongo kwa kaka yake Josephat. Aliondoka bila ugomvi. Alisema tu kwamba tangu nipunguzwe kazi kwenye jineri, kiwanda cha kuchambua pamba, amechoka kuishi na mipango.

Sasa mpango. Dorotea ameokoka. Mchungaji wake, Ndalahwa, anabatiza Jumapili ya tarehe kumi na saba, na pale ziwani wanapobatizia pamefunikwa na magugu maji. Bwawa ninalo mimi, hapa Mabatini. Anayetaka kubatizwa lazima apite kwenye mlango wangu. Safi kabisa!

Jumatano, 6 Agosti
Uwanja wangu una mteremko. Nimepanga mawe upande wa chini. Bwawa linaonekana limenyooka, ukiinamisha kichwa kidogo.

Mchungaji amekubali. Vijana wa kwaya watajaza maji kwa ndoo. Nikamwuliza, kama mtu asiyejali, iwapo Dorotea anajua ni nyumbani kwa nani. Anajua. Alisemaje? Mchungaji akajibu kwamba aliendelea kuchambua mchele.

Lakini hakukataa.

Ijumaa, 8 Agosti
Pampu imekufa. Ilikuja pamoja na bwawa na chujio la mchanga; ni ya umeme, ndogo kama papai. Mlinzi alinionya mambo mawili. Isiwashwe kavu. Na kikapu chake cha kunasa uchafu kisafishwe kila siku. Nikaona ni madeko ya Kizungu. Nikaiwasha kabla ya maji, ipate kuzoea. Ikalia kama mbuzi, ikatoa moshi, ikanyamaza. Wanakwaya walikuwa ndiyo wanaingia na ndoo za kwanza. Nikawaambia ni kawaida.

Jumanne, 12 Agosti
Maji yamekuwa ya kijani. Vyura wamehamia. Josephat amepita, eti kunisalimia. Akachungulia, akauliza kama nawapikia walokole mlenda. Nina hakika jioni hii anamsimulia Dorotea, na wanacheka.

Nikaenda moja kwa moja kwa Okal, muuza injini za mitumba. Anazo pampu mbili. Moja ndogo, alisema inalingana na bwawa langu, itazungusha maji polepole yapite kwenye chujio. Polepole! Nyingine ni ya dizeli, ina magurudumu, ilikuwa ya mashamba ya mpunga huko Misungwi. Okal, mfanyabiashara kabisa, akanisihi nisiichukue. Alisema ile inaweza kukausha mto. Nikamwambia hiyo hiyo. Amechukua baiskeli yangu.

Alhamisi, 14 Agosti
Nimeijaribu. Chujio limepasuka, na mchanga wake wote umetapikwa bwawani. Nimelitupa chujio. Nimeunganisha mipira yenyewe tu: mmoja unanyonya maji, mwingine unayarudisha. Chini mchanga, juu kijani. Maji yanafanana na ziwa. Labda watajisikia wako kwao.

Nimefagia chumba cha kulala. Nimetandika shuka safi. Sijui kwa nini. Najua.

Jumapili, 17 Agosti
Amekuja. Gauni jeupe, kitambaa cheupe kichwani. Akasimama mlangoni kidogo, halafu akapita hadi jikoni, akafunua sufuria.

“Baba Evelina, unakula kweli?” akaniuliza.

Nikasema nakula. Evelina ni binti yetu, ameolewa Bunda, na sijaitwa jina hilo tangu Pasaka.

Hapo ningenyamaza. Hapo ningekaa kwenye kigoda na kuitazama ibada kama watu wengine! Lakini kwaya ilipoanza, mchungaji akaingia bwawani, Dorotea akiwa wa kwanza kumfuata, nikaona maji yanawaachia utando wa kijani kwenye mavazi. Josephat akatabasamu. Nikawasha dizeli.

Mpira wa kunyonya ukalikamata joho la mchungaji. Mpira wa kurudisha ukachomoka, ukaruka huku na huku, ukawapiga kwaya maji, sauti ya kwanza mpaka ya nne. Mchungaji akapaza sauti. Wengine wakaitikia amina. Mawe yangu yakateleza. Bati likafunguka, na maji yote yakateremka kwa majirani pamoja na vyura.

Nilipozima injini, Dorotea alikuwa amekaa kwenye turubai tupu, tope hadi kiunoni. Nikamnyooshea mkono. Hakuushika.

“Redio yangu nipe, niondoke.”

Nikamweleza redio ilikokwenda. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

Wakaenda zao ziwani. Nikawafuata kwa mbali. Vijana waliingia majini wakang'oa magugu kwa mikono mpaka ikapatikana nafasi ya watu wawili. Akazamishwa, akaibuka, akajifuta uso, akacheka. Nilikuwa nimesahau anavyocheka. Nikarudi nyumbani kabla hajaniona.

Jumatano, 20 Agosti
Josephat amekuja na mkokoteni kuchukua nguo za Dorotea zilizobaki, na cherehani. Nikamsaidia kupakia. Hakunidhihaki, na hilo ndilo limeniumiza zaidi. Nikamwuliza kama dada yake ameniagiza lolote. Akasema hapana, shemeji. Akanipa mkono.

Nyumba imekuwa kubwa mno. Nimekaa siku nzima natafakari nilipokosea, tena kwa unyenyekevu, bila kujionea huruma. Jibu nimelipata: pampu ilikuwa ndogo. Yenye nguvu kamili ingemaliza kusafisha maji kabla mchungaji hajavua viatu.

Okal anayo moja iliyotoka kwenye meli. Nimemwambia asiiuze. Na safari hii sitamsumbua Dorotea kupanda mpaka huku Mabatini. Bwawa nitalisimamisha Mirongo, uwanjani kwa Josephat, chini kabisa ya dirisha la mke wangu. Nitamshtukiza. Atafurahi!