Msamaha wa Rais wa Jengo

Jumatatu, 3 Machi
Kinyozi kaja asubuhi na habari mbaya. Fundi Saa amelazwa. Mapafu. Kinyozi kaniomba nikamwone. Nikamkumbusha kwamba huyo si mwenzetu tena. Chama chetu cha wakimbizi wazee wa jengo hili kina watu kumi na mmoja, na rais ni mimi. Katiba niliiandika mwenyewe; kule nyumbani nilikuwa mpiga chapa wa bunge, sura ya mamlaka ya rais naijua kwa moyo. Rais huteua, hufukuza, hutia sahihi sheria, huamuru majeshi. Kwetu majeshi ni mlinzi wa mlangoni, naye hatii.

Fundi Saa alikuwa Makamu wangu. Mwezi wa sita alisema mbele ya wajumbe kwamba mheshimiwa huyu hana hata ufunguo wa chumba cha kufulia nguo, ambamo tunafanyia mikutano. Watu wakacheka! Nikamfuta kazi papo hapo. Miezi tisa hatusemezani. Mtu niliyevuka naye mpaka, blanketi moja kwa wawili, miaka thelathini na moja iliyopita. Chakula cha mchana kimenishinda.

Jumanne, 4 Machi
Dawa imepatikana! Ibara ya tisa: rais aweza kumsamehe aliyetiwa hatiani. Nitamsamehe, kisha niende kumwona kifua mbele. Tatizo: mhusika lazima aombe kwa maandishi. Tatizo la pili: ombi hupitia Kamati ya Ushauri ya watu watatu. Mmoja alihamia kwa binti yake. Wa pili hasikii. Wa tatu ni Fundi Saa. Nimemteua Kinyozi awe kamati nzima. Kinyozi kasema, mzee wangu, basi la saa nne lipo, panda tu uende. Hana uzoefu wa dola.

Jumatano, 5 Machi
Kinyozi kapeleka fomu hospitalini. Anasimulia kwamba Fundi Saa aliisoma, akacheka mpaka akapaliwa, muuguzi akaja mbio akamnyang'anya. Sahihi hakutia. Katuma salamu: mwambieni huyo bwana aache upuuzi wake, aje, kiti kipo. Nimefurahi kama mtoto! Halafu nikasoma ibara upya. Hilo si ombi la msamaha. Ni wito. Rais haitwi.

Alhamisi, 6 Machi
Ibara ya kumi na mbili: hali ya hatari! Rais akiitangaza, aweza kusamehe bila ombi, ilimradi wajumbe wanane waridhie. Mkutano saa tisa alasiri. Wamekuja saba, na makapu yao ya nguo. Mama Mshonaji kauliza kwa nini nisiende tu, kwani si rafiki yangu? Nikamjibu kwamba hoja hiyo haimo kwenye ajenda. Kasema basi na aiweke Mungu kwenye ajenda yake. Nimemwonya. Tukamsubiri wa nane saa nzima, mashine zinazunguka. Akatokea; kumbe kafuata shuka zake tu. Kanyoosha mkono bila kuuliza kura ya nini. Imepita! Lakini muda wa kuona wagonjwa ulishapita pia. Kesho, alfajiri na mapema.

Ijumaa, 7 Machi
Suti. Hati. Muhuri. Wodi ya nne, kitanda cha dirishani. Shuka zimebadilishwa, zimenyooshwa vizuri, hakuna mtu. Jana jioni, kasema muuguzi. Kauliza mimi ni nani kwa marehemu. Nimekosa cheo cha kumtajia.

Jumapili, 9 Machi
Tumemzika. Manyunyu. Shemeji, mke wa Fundi Saa, kaniambia bila hasira yoyote kwamba tangu Jumatatu, kila mlango wa wodi ulipofunguliwa, mumewe alisema huyo kaja, msogezeeni kiti. Heri angenitukana. Nimeisoma hati ya msamaha kaburini. Neno Makamu nimelisoma mara mbili. Hakuna aliyecheka. Mwenye kunicheka ndiye tuliyekuwa tunamfukia.

Jumatatu, 10 Machi
Kinyozi tena. Shemeji yuko peke yake, watoto wako mbali, nyumba inamlemea. Anasema niende nikae naye kidogo, tumzungumzie, maana nimebaki mimi tu niliyemjua mumewe akiwa kijana. Machozi yakanitoka mbele ya Kinyozi. Nitakwenda, niache kwenda vipi! Kufariji wafiwa ni kazi ya rais kabla ya zote. Ila kwa mwaliko rasmi. Nimeuandika mimi mwenyewe kwa niaba yake, nisimpe tabu. Kinyozi ampelekee autie sahihi, kisha uje mbele ya Kamati. Kinyozi kauchukua, kaondoka bila kuaga. Mahali pa sahihi nimepaacha papana, maana mikono ya Shemeji siku hizi inatetemeka.