Pedali Inayomtii Fundi Peke Yake

Muslimo Bare,
Muuza maziwa ya ngamia,
Galbet, Garissa.

Kwako Mwenyekiti wa Mafundi wa Magari, Galbet,

Assalamu alaykum. Natumai hamjambo nyumbani na mifugo inakamuliwa. Mimi kwa mwili sijambo. Kwa roho nina hasira, na hasira hiyo ina jina: fundi wako Sugow.

Pikapu yangu huleta maziwa sokoni kutoka kwa wafugaji wa njia ya Modogashe. Klachi ilipokwisha, Sugow alinifungia mpya. Nilifurahi hata nikalipamba gari kama bibi harusi: jioni ile ile nikatandika mbele, chini ya miguu, zulia nene jekundu la sebuleni. Tangu hapo kila anayeingia huvua viatu mlangoni, dereva wangu Abdow akiwemo. Nalitaja hili ujue unaandikiwa na mtu anayetunza mali yake. Sasa yasome malalamiko.

1. Klachi haiachii. Abdow anakanyaga mpaka mwisho, lakini gia zinalia kama mbuzi aliyeona kisu na gari linatambaa lenyewe. Juzi kwenye kizuizi cha barabarani lilimfuata askari aliyetuamuru tusimame, akarudi kinyumenyume hadi akakalia miiba. Nilimwomba radhi kupitia dirishani huku tukiendelea kumsogelea.

2. Tukirudi gereji, ugonjwa unapona. Sugow huvua ndala, hulikunja zulia na kuliweka kando (adabu pekee niliyomwona nayo), hujilaza chini ya usukani, hulegeza nati, huzungusha kijiti cha chuma kinachosukuma maji ya klachi, kisha hukanyaga mwenyewe na kutangaza, "Mama, badali iko sawa, wallahi." Na kweli, pedali iko sawa! Anashuka, nalitandika zulia langu vizuri, tunaondoka, na kabla ya barabara kuu gia zimeshaanza kulia. Mwenyekiti, huo si ufundi, ni uchawi. Pedali inamtii yeye peke yake.

3. Nilimwambia akikaze kile kijiti hadi mwisho, tumalize maneno. Akakataa. Eti lazima pedali iachiwe uhuru kidogo kule juu kabla haijaanza kusukuma, la sivyo klachi mpya itaungua. Mimi mama wa watoto sita sina uhuru hata wa kumaliza kikombe cha chai. Pedali uhuru wa nini?

4. Sote tumekua tukijua kwamba maziwa ya ngamia hayatoi siagi hata uyasukesuke vipi. Kwa mitikisiko ya gari hili, Ijumaa nilifungua mtungi nikakuta kitu kinaelea. Nurto mwenye hoteli, anayenunua nusu ya mzigo wangu, ameapa kwamba nikichelewa tena au nikimletea povu, atahamia kwa mshindani wangu Timiro. Akihama, wanawake wanaonikamulia watamwaga maziwa mchangani, nami nitauza gari. Naogopa, Mwenyekiti, sikufichi.

Kwa hiyo naomba Sugow anyang'anywe spana. Ikishindikana, afanywe sehemu ya gari: Abdow ashike usukani, Sugow akanyage klachi, maana ndiye inayemsikia. Mkewe akilalamika, naye apande, mradi avue viatu. Na hilo likiwa gumu, klachi ipigwe marufuku kaunti nzima, turudi kwa ngamia mwenyewe, ambaye hakanyagwi wala hakazwi nati.

Nisalimie mama watoto, wazee wa mtaa, na mafundi wote isipokuwa mmoja.

Wako mwenye kutikiswa,
Muslimo Bare

N.B. Nimeifungua tena bahasha. Jana mtungi ulipasukia miguuni pa Abdow na zulia likanuka, hivyo nikalifua na kulianika uani. Leo Abdow ameenda na kurudi bila zulia. Gia hazikulia hata mara moja. Pedali ilizama mpaka kwenye bati, mahali ambapo zulia langu halikuwahi kuiruhusu kufika. Nurto amepata maziwa mapema na hajamtaja Timiro.

Tafadhali ichane barua hii. Nimempelekea Sugow maziwa ya kutosha nyumba nzima. Akiuliza sababu, mwambie ni sadaka. Ila nitafutie jina la mwenyekiti wa wauza mazulia. Malalamiko yangu kwake nimeshayapa nambari.