Wekundu wa Bogenvilia

Jumatatu, 3 Machi
Daktari amemwita binti yangu ukumbini wakanong'one. Nimeelewa. Basi niungame, maana nina dhambi moja inayonikaba. Miaka arobaini iliyopita, mbele ya mkaguzi, mwalimu mwenzangu Chaki alisema wekundu wa bogenvilia si petali, ni majani yaliyojigeuza. Ua lenyewe ni kale keupe ka katikati. Nilimcheka. Walimu wote wakacheka. Akahamishwa. Wiki hiyohiyo nilichunguza kwa kioo cha kukuzia: alikuwa sahihi. Nikafunga mdomo, nikapewa ualimu mkuu.

Mpango: nimwalike. Kitanda changu kiko dirishani, bogenvilia inachungulia. Atalizusha suala hilo mwenyewe, nami nitaitikia kwa kichwa. Hiyo ni radhi tosha.

Jumatano, 5 Machi
Chaki amekuja. Saa nzima akasimulia maumivu ya magoti yake. Upepo ukaingiza majani mekundu, yakatua juu ya shuka taratibu, kana kwamba yanatafuta pa kulala. Nikaitikia kwa kichwa mara tatu, kwa unyenyekevu kabisa. Akamwambia binti yangu kwamba mzee anasinzia, akaaga.

Mpango mpya: barua, apewe nikishazikwa. Nisamehewe bila kuuona uso wake.

Ijumaa, 7 Machi
Binti kaipeleka leo. Eti, "Baba, huyo naye ana themanini na mbili. Mnategeana nini?"

Chaki akaja na barua mkononi. Nikajifanya nimelala. Akasema nisijichoshe, mwenye usingizi hakunji uso hivyo. Kisha akasema kule alikohamishiwa ndiko alikompata marehemu mkewe. Alishanisamehe zamani, alingoja tu niseme. Akanishika mkono. Tukatazama dirishani, wekundu ukiyumba, nami sikujua tena kama naota, wala kama tuna miaka themanini au arobaini.

Halafu akaongeza, kwa upole, kwamba barua ina kosa. Nimeandika petali ni zile nyeupe. Kumbe kaua kale hakana petali hata moja: ni sepali zilizoungana, vijani vinavyofunika tumba. Nikamwambia uzee umemfikia. Akacheka. Jumapili atakuja tutazame kitabu.

Jumamosi, 8 Machi
Nimekitazama kitabu. Ukurasa wa mia mbili na sita. Yuko sahihi.

Nimemwagiza binti akifungie kabatini, na Chaki akiuliza aambiwe kililiwa na mchwa. Binti kanitazama sana. Nikafumba macho. Moyo mweupe, mwili mwepesi. Ni raha iliyoje kuondoka duniani ukiwa umeshaungama.