Bomba Limepona, Mama Mkwe Anakuja

Jumatatu, 8 Septemba

Bomba la jikoni linavuja. Tone moja kila nikihesabu hadi nne. Penina kasema tumwite Fabian. Nimekataa. Kasema mama yake anakuja Jumamosi kutoka Chamwino na hataki akute sinki linadondokewa mchana kutwa. Nimemwambia Jumatano litakuwa limepona. Kauliza nani atalitengeneza. Swali gani hilo! Mume yumo ndani.

Fabian ni fundi bomba, nyumba ya tatu kutoka kwetu hapa Chang'ombe. Zamani aliimba kwaya moja na Penina, na mama mkwe alimpenda sana. Mpaka leo akija kwetu anaanza kwa kuuliza kama Fabian hajambo. Miaka tisa ya ndoa! Nimemnunulia vitenge, nimempeleka kliniki ya macho, nimeinama kumsalimia mpaka kiuno kinalalamika. Hajasifia kitu changu hata kimoja. Safari hii atasifia bomba. Fabian akiligusa tu, nimekwisha.

Jumanne, 9 Septemba

Nimesomea ufundi leo, kwenye simu, kazini Mtumba, nyuma ya kabati la mafaili. Mimi ni karani wa masjala, na mafaili yana subira. Fundi wa kwenye video anaongea Kihindi, lakini mikono yake inaeleweka. Siri yote ni tepu. Ile nyeupe ya kuzungushia mabomba. Nimenunua tatu. Batholomeo, dereva wetu, kaniazima spana ya gari, kisha kaniuliza kama najua ninachokwenda kufanya. Watu wana dharau.

Jioni nimekuta majirani wamemzunguka Fabian, anawasomea tangazo kwenye simu yake. Anapenda sana kuzungukwa. Yeye ndiye msimamizi wa kundi la WhatsApp la mtaa. Mimi nilijitoa mwezi wa sita, baada ya yeye kuandika mbele ya watu wote kwamba banda langu la kuku nimelijenga mahali pabaya. Sijajuta. Sikusimama kusikiliza.

Jumatano, 10 Septemba

Nimeomba ruhusa kazini. Nimesema nyumbani kuna mgonjwa. Si uongo, ni bomba.

Kazi imechukua saa tatu. Tepu zote tatu zimeisha. Bomba limenenepa kidogo shingoni, lakini ufundi si urembo. Nikakaa kwenye stuli, nikahesabu mpaka mia mbili. Hakuna tone! Nikalifungua kabisa, mpaka mwisho. Hakuna tone! Hata yule wa video hakufika hapo.

Nikamwita Penina aje ashuhudie. Kasema maji yamekatika mtaa mzima tangu asubuhi, wanabadilisha bomba kubwa la barabarani. Nimemwambia hayo ni mambo ya barabarani, mimi nashughulika na ya jikoni. Kaniangalia kwa muda mrefu. Nadhani ni mshangao.

Alhamisi, 11 Septemba

Siku ya pili, bado kavu kabisa. Nimepita kwa Fabian makusudi kumpa taarifa. Kauliza kama nimebadilisha raba ya ndani. Nimemwambia mambo ya raba yamepitwa na wakati. Kauliza pia kama nilifunga koki kuu kabla ya kuanza. Nikamjibu kwamba kila fundi ana njia yake.

Njiani nikajiuliza hiyo koki kuu yetu iko wapi. Nitamuuliza Penina siku moja akiwa na furaha.

Ijumaa, 12 Septemba

Upepo na vumbi. Penina kanunua maji ya mkokoteni, ndoo sita. Nimemkumbusha kwamba walau hayavuji. Baadaye akasema jambo kuhusu kesho saa nne, lakini nilikuwa nasugua bomba kwa majivu, sikumsikia vizuri. Linang'aa! Ila ile tepu inachungulia pembeni kama bandeji. Kesho nitaipunguza kabla mama mkwe hajaiona.

Jumamosi, 13 Septemba

Naandika nikiwa nimevaa koti, ingawa jua ni kali. Bado nasikia baridi.

Mama mkwe kafika saa tatu na nusu. Kaleta mlenda mkavu na mfuko wa unga wa uwele. Nikainama, shikamoo. Marahaba. Kauliza, Fabian hajambo? Nikasema hajambo. Moyoni nikasema subiri.

Walipokaa sebuleni nikaingia jikoni kwa kunyata. Nikauweka ule unga pembeni ya sinki, nikavua suruali ya heshima, nikabaki na bukta na ndala. Nikalifungua bomba lote kutoka ukutani ili niikate tepu vizuri. Maji si hayapo! Nikawa nimelishika mkononi nalitazama kwa upendo.

Saa nne kamili maji yakarudi.

Maji ya siku tatu, yote kwa pamoja, kupitia ukuta wangu! Yalinipiga kifuani, yakapanda darini, yakashuka kwenye unga. Niliziba kwa kiganja yakatokea kwapani. Unga ukawa uji. Nikapiga kelele afunge koki kuu mtu yeyote. Penina akaja mbio, akasimama mlangoni, akaniambia koki kuu iko chini ya banda la kuku. Alikuwa ameniambia mwezi wa sita. Kumbe ndicho Fabian alichoandika kwenye kundi. Mimi niliishia kusoma pale kwenye "mahali pabaya".

Kisha akaingia mama mkwe.

Kwetu mama mkwe hamwoni mkwewe katika bukta. Ni afadhali nyumba iungue. Akajifunika khanga kichwani, akageuza uso ukutani, akaja ubavuubavu kama kaa, mkono mmoja nyuma. Mkononi alikuwa na gunzi la mahindi lililoviringishwa kitambaa. Alipapasa ukuta, akalipata tundu, akalisokomeza gunzi, akaligonga na mchi mara mbili. Maji yakapungua mpaka yakawa machozi. Hakuwa ameniangalia hata mara moja.

"Penina," akauambia ukuta, "mwambie mwenzio akavae."

Nilipotoka, Fabian alikuwa getini. Aliyaona maji yanatiririka mpaka barabarani. Hakucheka. Ingekuwa nafuu angecheka. Tukabeba banda pamoja, kuku wote ndani wakinitukana, akafunga koki. Nimeona aibu leo, aibu ya kweli. Hata kuandika tu masikio yanawaka.

Jikoni tukamkuta mama mkwe ameketi kwenye stuli yangu, anafungua kichwa cha bomba kwa spana ya Batholomeo. Kumbe huko kwao amekuwa mwenyekiti wa kamati ya maji miaka kumi na moja, na kila bomba la kijiji limepita mikononi mwake. Mimi nilidhani kamati ni ya kukaa na kunywa chai. Akatoa raba ya ndani. Imelika, nyembamba kama ganda la kitunguu. Fabian akasema ana mpya nyumbani, anaifuata. Mama mkwe akasema asijisumbue. Alikuwa anatazama sakafuni, kwenye miguu yangu. Akamwambia Penina aniombe ndala moja.

Akakata kisigino cha ndala kwa kisu cha mboga, duara safi, akatoboa katikati, akaipachika. Fabian akalirudisha bomba ukutani, akaenda kufungua koki. Tukasubiri wote wanne, tumetulia kama kanisani. Hakuna tone, na safari hii maji yapo.

Mama mkwe akaigeuzageuza ile ndala yenye tundu, akaibonyeza kwa kidole.

"Ndala za mkwe wangu nzuri," akasema. "Raba yake ngumu."

Nikatoka nje haraka. Nilimwambia Penina ni vumbi limeniingia machoni.

Jumapili, 14 Septemba

Mama mkwe kaondoka baada ya ibada. Nimetafakari kwa utulivu. Bomba lilipona kwa raba. Raba ilitoka kwenye ndala. Ndala ni yangu. Kwa hiyo bomba nimelitengeneza mimi, nikisaidiwa na watu wawili. Nimempigia Batholomeo kumweleza hivyo. Kauliza kuhusu spana yake. Nimesema bado naihitaji.

Mchana nimelirudisha banda pale pale. Kuku wamepazoea.

Nilipoingia ndani Penina kasema tangi la chooni limeanza kuvuja, na kwamba tayari ana namba ya Fabian mkononi. Nimemwambia aiweke simu chini.

Bado nina ndala moja nzima.