Malalamiko Dhidi ya Nyasi Zinazofunuliwa Kila Asubuhi

Chumba cha uani,
Nyuma ya tangi la maji.

Kwa Bosi wangu mheshimiwa,

KUHUSU: NYASI MPYA NA RUHUSA YANGU YA KWENDA NYUMBANI

Natumaini barua hii itakukuta mzima na goti lako limeacha kuuma. Ningekuambia haya kwa mdomo, lakini kila nikikufuata bustanini nakukuta umechuchumaa unaongea na nyasi, na mimi sikulelewa kukatiza watu mazungumzo. Shule niliiacha tukiwa kwenye barua za kirafiki, zile za kikazi sikuzifikia, kwa hiyo ukiona nimechanganya heshima na mazoea, niwie radhi.

Utakumbuka lori lilipoleta nyasi, zimekunjwa kama mikeka, ulisimama barazani ukaniambia mbele ya mpishi na dereva: "Hizi zikishika tu, wewe nenda kaone watoto wako." Nilifurahi. Nilizipanga kipande kwa kipande, nikavibana visiachane, nikajaza mchanga kwenye maungio, kisha nikampigia simu mama watoto kwamba nakuja. Tangu hapo yamenipata haya:

1. Maji. Nyasi zinakunywa kabla yangu. Jua halijatoka vizuri niko na mpira wa maji mkononi, maana umesema zikichelewa kunywa zitanyauka pembeni, na ni kweli, pembeni ndiko hukauka kwanza. Mpira ukifunguliwa, bomba la huku uani linakohoa tu. Nanawa uso kwa maji yaliyobaki ndani ya mpira. Sina kinyongo. Nalitaja ili ijulikane nani mkubwa hapa.

2. Njia. Umekataza mtu yeyote kuzikanyaga mpaka zishike. Sawa. Lakini choo changu kiko ng'ambo ya bustani, kwa hiyo napita juu ya ubao uliolazwa kando ya ukuta, mikono nimeitanua, kama kuku anayeingia bandani. Mpishi hukaa dirishani makusudi. "Baba Zulia, leo unakimbilia wapi?" Bosi, nina jina zuri nililopewa na babu yangu. Sasa hata muuza mkaa ananiita Baba Zulia.

3. Hili ndilo lililonifanya nitafute kalamu. Kila asubuhi unashuka na kandambili zako, unachagua kipande, unashika kona, unakifunua. Unachungulia. Unasema, "Bado hazijashika," unakirudisha, unaenda kunywa chai. Bosi, zitashikaje? Mzizi umetoka mweupe, mwembamba kama uzi, ndiyo kwanza umegusa udongo, nawe umeshaung'oa kuuuliza kama umefika. Ni kama mtu anayemfunua mtoto shuka kila mara amwulize, "Umelala?" Nilipokudokeza ulinijibu, "Mimi nakagua tu." Jumapili ukawaalika na wageni wakague. Shemeji yako alifunua kwa mikono miwili kama anayechungulia sufuria ya wenyewe, akatikisa kichwa: "Hizi bado sana." Nami nikaingia chumbani kumpigia tena mama watoto.

4. Mama watoto mwenyewe. Amechoka nami. Juzi alisema, "Baba watoto, kila nikikuuliza unakuja lini unanijibu habari za majani. Huyo majani ana nini?" Mtoto wetu wa mwisho akipewa simu ananiamkia, "Shikamoo mjomba." Mjomba! Na mjomba wake wa kweli yuko pale pale, anamletea miwa.

5. Kwa hiyo nimefikiri sana nikiwa na mpira mkononi, na nimeona dawa ni moja tu: naomba nihesabiwe miongoni mwa nyasi. Sifa ninazo. Nami nililetwa hapa na lori, nimejikunja, nimekatwa kutoka kwenye udongo wangu. Nilipofika hakuna aliyenimwagia maji wala kunikinga na jua, nilipewa jembe. Nikiandikishwa kuwa nyasi, nitapumzishwa mpaka nizoee, watu watapita pembeni yangu, na wewe utachuchumaa kila asubuhi kunijulia hali. Ukinifunua kona utajionea mwenyewe: miaka yote hii sijashika. Mizizi yangu iko kule ninakopigia simu. Na nyasi zisizoshika, wewe mwenyewe ulimwambia mwenye lori nikisikia, hurudishwa zilikotoka.

Ukiona ombi hilo ni kubwa, nipe dogo. Asubuhi weka mikono mfukoni, ziache zishike, kisha uniache nami niende. Dereva amekubali kumwagilia nikiwa sipo.

Niishie hapa, jua limeanza kuuma na huko nje naitwa. Msalimie Mama, msalimie shemeji na mikono yake, msalimie mpishi ingawa ananiona kila siku kutoka dirishani kwake, na yeyote atakayesomewa barua hii kwa sauti ili acheke.

Mimi mtumishi wako mtiifu, nyasi mtarajiwa,
Baba Zulia.

Nyongeza: Bosi, barua hii usiitie maanani. Nilikuwa naileta nikamkuta dereva anajaribu kumwagilia. Anamwagilia kama anayeosha gari lililotoka kwenye tope, maji ya nguvu, mchanga wote wa maungio umehamia barabarani. Nimemnyang'anya mpira. Ruhusa yangu naomba uisogeze mpaka zikatwe mara ya kwanza, maana siwezi kukaa kwetu na watoto huku moyo uko kwa mtu yule. Nimempigia mama watoto kumweleza. Nilitegemea matusi. Amesema basi atakuja yeye na watoto, aje amwone mke mwenzake. Naomba uwaruhusu wafikie kwangu huku uani. Kisha akaniuliza aniletee nini kutoka nyumbani, na ulimi ukanitangulia, nikasema, "Samadi." Naye akauliza, "Ya ng'ombe au ya mbuzi?"