Safu ya Mwisho Kulia

Jumatatu, 28 Januari 2002. Keshero.

Siku ya kumi na moja tangu volkano. Mke wangu Jamila bado hasemi nami. Akitaka chumvi anamtuma dada yake Nasiba aniombe, na mimi nimekaa hapo hapo, chumvi iko mkononi. Chumba kimoja alichopanga Nasiba baada ya volkano, watu saba. Nyumba yetu ya Majengo iko chini ya mawe meusi ambayo bado yanatoa moshi.

Sababu ya kununa ni skrini yangu. Inchi kumi na tisa! Mji mzima hakuna mwingine aliye nayo. Siku lava iliposhuka, Jamila alibeba godoro, mimi nikapewa kazi ya kumshika mkono baba yake, Muzee Chabani, mwenye miaka sabini na mmoja. Nikamshika. Kisha nikaikumbuka skrini. Skrini ya inchi kumi na tisa inataka kichwa na mikono miwili. Nikamwambia Muzee ashike shati langu. Tulipofika Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, shati lilikuwepo, Muzee hakuwepo.

Tumemtafuta kambi zote. Hakuna. Usiku nasikia Jamila analia chini ya shuka. Mimi pia najisikia vibaya, lakini hakuna anayeniuliza.

Jumatano, 30 Januari

Bahati! Mama Marie-Claire wa kamati ya waliopotezana anataka tovuti. Majina yote yawekwe, watu wasome popote walipokimbilia. Simu haziingii kila mahali, na huko kaskazini wanatawala waasi wengine wasiopatana na waasi wetu, barabara imefungwa. Intaneti haiulizwi kibali na askari.

Shida ni moja: Adalbert. Mwalimu wa kompyuta, shati limepigwa pasi hata baada ya volkano. Sijui pasi aliitoa wapi. Naye anataka kazi hiyo. Anasema tovuti ipangwe kwa skrini ya nukta mia nane kwa mia sita, ndogo, kwa sababu ndizo watu walizo nazo. Watu! Mimi napanga kwa elfu moja na ishirini na nne kwa mia saba sitini na nane. Anayeota madogo atabaki mdogo.

Nimependekeza kazi zote mbili zionyeshwe kwenye skrini yangu, kwa haki. Adalbert, mjinga, amekubali.

Ijumaa, 1 Februari

Nimeshinda! Ukurasa wa Adalbert ulikaa katikati ya skrini yangu kama kitanda cha mtoto katika ukumbi wa harusi. Wangu ulijaa kona mpaka kona. Kamati walipiga makofi. Adalbert alisema taratibu kwamba tuwafikirie wa Butembo huko kaskazini, wa Rutshuru, vioo vyao ni vidogo. Mama Marie-Claire alimwambia asilete wivu kwenye msiba.

Safu tano: jina, umri, alipopotelea, anayemtafuta, na ya mwisho kulia, mtafutaji anapatikana wapi. Juu ya hiyo ya mwisho nimeweka anwani ya kamati, kwa herufi za dhahabu. Ule utepe wa kusogezea ukurasa nimeuondoa kabisa. Unachafua.

Mstari wa kwanza nimempa Muzee. Chabani, 71, barabara ya Gisenyi, anatafutwa na binti yake Jamila, Keshero, na namba ya simu ya Nasiba. Nilimwita Jamila aone. Alifuata mstari kwa kidole. Kisha akasema nami, mara ya kwanza tangu lava: “Papa akiona hii, atajua kwenye tuko?”

Nikamwambia hata kipofu ataona.

Jumatatu, 4 Februari

Nilikuwa napeleka skrini kwenye umeme wa kamati. Kwenye kizuizi cha barabarani askari akauliza ni nini. Skrini. Akasema ni televizyo, kuna mpira wa Kombe la Afrika, niiwashe. Nikaeleza kwamba haina chaneli. “Muzuri,” akasema, “itabaki hapa mupaka ipate.” Imebaki. Kwa muda wa saa sita wanajeshi wanne waliangalia kioo cheusi kwa uvumilivu mkubwa. Jioni wakanirudishia, wakisema timu ilicheza vibaya.

Siku nzima imepotea. Tovuti inatoka kesho.

Jumatano, 13 Februari

Wiki ya kwanza ya tovuti. Malalamiko: sifuri! Hakuna barua hata moja. Adalbert alidhani watu watalalamika. Hawana la kusema. Wameridhika.

Nimeweka pia kihesabu kinachoonyesha wageni, saa waliyoingia, na ukubwa wa skrini zao. Wageni mia mbili na kumi. Tena kuna mmoja mwaminifu: kila asubuhi, saa mbili na nusu, anafungua ukurasa. Anakaa dakika ishirini, thelathini, bila kubofya chochote. Anaangalia tu! Huyo anajua kazi nzuri.

Nimemwambia Jamila kuhusu mpenzi wangu wa saa mbili na nusu. Aliuliza kama kuna habari ya papa yake. Nikasema bado. Akarudi kwenye masufuria.

Jumatatu, 18 Februari

Doa dogo. Kihesabu kinasema wageni tisa kati ya kumi wana skrini za mia nane. Hata yule mwaminifu wangu! Aibu iliyoje. Mtu wa ladha kama ile, na kioo cha inchi kumi na nne.

Adalbert naye alikuja na maneno. Amefungua tovuti katika nyumba ya intaneti kule Birere, anasema upande wa kulia haupo. Aliongea kwa upole, jambo linaloniudhi zaidi. “Kaka Aruna, punguza kidogo. Dakika kumi tu.” Akataka hata kukaa tuifanye pamoja. Nikamshukuru, nikamwambia tatizo si ukurasa, ni vioo vya watu.

Lakini mimi si mkaidi. Nimeongeza tangazo kwa wageni: TOVUTI HII INAONEKANA VIZURI KWA NUKTA 1024. BADILISHENI SKRINI ZENU. Rangi nyekundu. Nafasi ilikuwa imebaki moja tu, safu ya mwisho kulia, nikaliweka hapo.

Adalbert, nasikia, anaandika majina yetu yote kwenye karatasi na kuyabandika ukutani sokoni. Karatasi! Mwaka wa elfu mbili na mbili!

Jumatano, 27 Februari

Mgeni mwaminifu hajaonekana tangu Jumatano iliyopita. Saa mbili na nusu nakaa mbele ya kihesabu, hakuna kitu. Nimehuzunika kuliko nilivyotegemea. Labda tangazo langu lilimgusa, yuko njiani kununua skrini.

Jamila amekonda. Jana alimwambia Nasiba kwamba kama papa amekufa, afadhali aambiwe, amuombee dua, apumzike. Alisema nikiwa mlangoni. Sikuingia.

Jumamosi, 2 Machi

Muzee amefika.

Ameletwa na mfanyabiashara wa Butembo, Papa Sikuli, ambaye siku ya volkano alimkuta amekaa kando ya barabara ya Gisenyi, akampakia kwenye lori pamoja na watoto wake. Wakapitia Uganda, wakafika Butembo. Sasa wamerudi kwa njia ile ile, siku tisa, vumbi tupu. Muzee anakohoa, miguu imevimba. Mjini hakujua aanzie wapi. Sokoni Sikuli akaona ukuta wa karatasi. Karatasi ya Adalbert. Keshero, chumba cha Nasiba, kila kitu kimeandikwa kwa kalamu.

Jamila alianguka miguuni pake. Mimi nililia, sisemi uongo.

Baada ya chai Sikuli akaeleza. Binti yake, Olive, anafanya kazi katika nyumba ya intaneti ya Butembo. Aliona jina la Muzee mwezi uliopita. Tangu hapo kila asubuhi, kabla wateja hawajaingia, Muzee alikuja kukaa mbele ya kioo.

Saa ngapi? nikauliza.

Saa mbili na nusu.

Muzee akasema: “Niliona jina ya mutoto wangu. Kwenye iko, sikuona. Kioo kinaisha pale pale. Nilizunguka nyuma ya mashini niangalie kama maneno imeangukia kule.” Olive alijaribu kila kitu, ukurasa haukusogea. Akatafuta pa kuandikia kamati, hapakuwa na anwani. Mwishowe Muzee akasema ataenda mwenyewe, hata akifia njiani.

Jamila aliniangalia, kisha akainama kuosha miguu ya baba yake. Nilitamani ardhi ipasuke tena, na hapa kwetu si jambo la kutamani ovyo. Ikabidi niseme kitu, nikamuuliza Muzee rangi ya ukurasa aliionaje.

Jumamosi, 9 Machi

Ardhi imetikisika mara tatu tangu juzi. Watu wanafunga mizigo. Jamila amepanga: yeye godoro, Nasiba watoto, mimi Muzee. Aliniambia mbele ya wote, kwa sauti ambayo sitaki kuisikia mara ya pili: “Mukono yake, Aruna. Mukono.”

Nimetafakari sana. Kosa langu nimeliona, na nakiri hapa kwa maandishi. Kosa lilikuwa shati. Shati linateleza.

Skrini nitaibeba kichwani kama kawaida. Waya wake wa umeme utaning'inia mgongoni, mita moja na nusu, madhubuti, na Muzee atashika kichwa cha waya. Asubuhi, Jamila alipokwenda kuchota maji ziwani, tulifanya mazoezi, kwenda na kurudi mpaka kwenye msikiti. Muzee alikohoa lakini hakubisha.

Aliachia mara mbili tu.