Kaburi Lisilo na Mtu

Jumatatu, 3 Machi
Wamechomeka vigingi vyekundu kwenye konde la ukingoni mwa kijiji. Nyumba thelathini! Zitaziba dirisha la jikoni, pale marehemu mke wangu aliposimama kukausha vyombo huku akitazama nje. Alizikwa kwao, mbali. Sina kaburi la kutembelea, nina dirisha tu.

Binti yangu alipiga simu kutoka mjini, ana jambo la kuniambia. Nilimkatiza, nikamsomea pingamizi langu, kurasa nne. Salio likamwishia.

Jumatano, 5 Machi
Kukusanya saini. Nimepata tatu, mbili zangu. Jirani yangu seremala amekataa katakata, eti kijiji kimebaki wazee na kuku, kinahitaji watu. Mnafiki! Anaota milango thelathini. Nimempiga marufuku asikanyage kwangu. Baadaye nikakumbuka msumeno wake ninao mimi. Sirudishi.

Ijumaa, 7 Machi
Wazo! Mpima ardhi kasema penye kaburi hawagusi, wanaacha nafasi kubwa. Alfajiri nimesukuma mawe kwa toroli, nimelipanga kaburi safi kabisa mbele ya dirisha. Mgongo hoi. Kibao nimekikata kwa msumeno wa seremala.

Mpima ardhi alipouliza nani kalala pale, sikuwa nimejiandaa. Nikataja jina la mke wangu. Machozi yakanitoka, na sikuwa naigiza. Akavua kofia.

Jumapili, 9 Machi
Seremala katokea kaburini. Nimekwisha! Yeye ndiye aliyebeba jeneza la mke wangu, anajua fika alikozikwa. Nikasubiri aniumbue. Akaweka maua, akakaa kando yangu. Mwishowe akasema kibao kimepinda, akakinyoosha.

Ana njama gani huyu? Lazima ipo.

Jumanne, 11 Machi
Ushindi! Ramani mpya imebandikwa. Safu nzima mbele ya dirisha langu imefutwa, nyumba sita.

Nimempigia binti kujitapa. Akauliza kama nyumba namba nne bado imo kwenye ramani. Haimo. Akasema ndiyo aliyopewa yeye na wanawe. Aliichagua kwa sababu mlangoni pake angeliona dirisha la mama yake, na mimi ndani yake nikinywa chai. Ndilo jambo alilotaka kuniambia ile Jumatatu. Sasa watahamia kwa wakwe zake, safari ya siku mbili. Hakunilaumu. Heri angenilaumu. Aliniambia nile vizuri.

Nimekosa usingizi na hamu ya chai.

Alhamisi, 13 Machi
Seremala kaja, marufuku au si marufuku. Anasema ramani inagongwa muhuri kesho saa tatu. Niende leo nikaseme ukweli, nyumba ya binti irudi. Atanisindikiza mwenyewe.

Ukweli mtupu! Mtu hana mbinu kabisa. Mimi nitalihamishia kaburi upande wa pili wa konde, wapime upya.

Nimekwenda na toroli. Nimeng'oa jiwe moja, nikalirudisha. Nimezoea kumwamkia pale. Basi nitajenga la pili, hili libaki. Mawe hayatoshi, nitabomoa ukuta wa choo. Kibao kingine kinahitajika, bahati nzuri msumeno bado ninao.

Simu inaita. Ni binti. Asubiri kidogo, nitampigia mpango ukikamilika.